Sukari ya kwenye kisahani imekwenda wapi?

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme neno kuhusu habari za "mmea unaoshusha sukari", hasa zile zinazotegemea majaribio ya seli za ini zilizokuzwa kwenye kisahani cha maabara. Mara nyingi jaribio lenyewe limefanyika kweli, ila linapotoshwa likisomwa.

Chukua berberini, kemikali ya manjano iliyomo kwenye magome na mizizi ya mimea ya jamii ya Berberis. Weka mikromola 10 kwa lita kwenye seli za HepG2, seli za ini zinazokuzwa maabara, ziache saa 24, na glukosi kwenye kioevu cha lishe itapungua. Sasa pima laktati, kemikali inayobaki seli inapovunja glukosi bila kutumia oksijeni: imepanda. Berberini hubana hatua ya kwanza ya mnyororo wa upumuaji ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na seli iliyopungukiwa nishati huibugia glukosi na kuigeuza laktati ili isife. Sukari imepungua kwa sababu seli imebanwa pumzi. Habari ngapi hutaja laktati?

Tena HepG2 zilitokana na saratani ya ini: zina uchu wa glukosi na huitengeneza kidogo mno. Kwa mgonjwa wa kisukari aina ya 2, kero kubwa ya ini ni kuendelea kutengeneza sukari hata mtu akiwa hajala. Kulipima hilo kunataka seli za ini zilizotolewa karibuni, zisuuzwe, kisha zipewe kioevu kisicho na glukosi chenye laktati milimola 20 na piruvati milimola 2 kwa lita, malighafi ambazo ini hutengenezea sukari, na sukari ipimwe baada ya saa chache. Hapo kwenye kusuuza ndipo wengi huharibu. Mikrolita 5 tu za kioevu cha zamani chenye glukosi milimola 25 kwa lita, zikibaki ndani ya mikrolita 500, huacha karibu milimola 0.25 kwa lita ya glukosi ambayo hakuna seli iliyoitengeneza.

Kipimo nacho hudanganya. Kile kinachotumia kimeng'enya cha glukosi oksidasi hutoa peroksidi ya hidrojeni, nayo ndiyo huleta rangi inayosomwa na mashine. Polifenoli, kemikali za mmea zinazozuia uoksidishaji, huila peroksidi hiyo, rangi inafifia, na mashine inasoma sukari ndogo wakati glukosi yote ipo. Dawa yake ni rahisi: tia dondoo la mmea kwenye kisima (kishimo cha sahani ya maabara) kisicho na seli, chenye glukosi ya kiasi kinachojulikana. Likishusha namba hata hapo, tumia kipimo cha heksokinasi, ambacho hakitegemei peroksidi.

Halafu kipimo cha dozi. Berberini ikimezwa hufika kwenye damu kwa nanomola chache kwa lita, maelfu ya mara chini ya ile ya kisahani. Hata hivyo si ya kuchezea: hupunguza kasi ya CYP3A4, kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingi, hivyo dawa nyingine za mgonjwa zinaweza kujaa mwilini.

Ombi letu: kila habari ya namna hii itaje aina ya seli, kiasi kilichotumika, na kama laktati ilipimwa. Na kama ni kisahani tu, kichwa cha habari kiseme hivyo.

Watafiti wa seli