Umri pekee hautoshi kumpima mzee kabla ya kemo

Mhariri,

Mgonjwa wa saratani akiwa na miaka 75, jamaa hapa Malindi huuliza kwanza kuhusu kemo (dawa kali za kuua seli za saratani): "Dawa hizi ataziweza?" Swali ni la haki, ila umri peke yake haulijibu.

Mwaka 2011, Dkt. Arti Hurria na wenzake nchini Marekani walichapisha kipimo cha maswali 11 kwa wagonjwa wa miaka 65 kwenda juu, cha kukadiria kwa alama hatari ya madhara makali ya kemo. Baadhi ya majibu yamo kwenye faili: aina ya saratani, dozi, hemoglobini, yaani wingi wa damu (hatari huongezeka ikiwa chini ya 11 g/dL kwa mwanamume, 10 kwa mwanamke) na kazi ya figo. Hapo kwenye figo tuwe macho. Kreatinini pekee (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu kukadiria kazi ya figo) hudanganya: mzee aliyekonda ana misuli michache, hivyo namba huonekana nzuri ilhali figo zimechoka na dawa inabaki mwilini. Lazima kazi ya figo ikokotolewe kwa namba hiyo pamoja na umri na uzito.

Mengine anayajua mtu wa nyumbani. Ameanguka miezi 6 iliyopita? Anasikia vizuri? Hukumbushwa dawa zake? Ameacha kwenda barazani? Yasemeni hata daktari asipouliza, maana wazee wetu huyaficha kwa staha.

Alama zikiwa juu, kemo haikatazwi. Daktari anaweza kuanza na dozi ndogo au dawa moja badala ya mbili. Na homa ikifika nyuzi 38 baada ya kemo, hasa siku ya 7 hadi 14, mpelekeni hospitali usiku huohuo, msingoje kukuche.

Wahudumu wa wagonjwa wa saratani,
Malindi