Mabomu ya nyuklia yasije yakaachiwa "mfumo"

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, na najua wapo watakaocheka: mama wa dagaa na mabomu ya nyuklia wapi na wapi? Jirani yangu wa kizimba ameshacheka tayari. Lakini nina kisa.

Hivi karibuni nilikubaliana bei na mwenye mzigo kisiwani, dagaa wa kwenye vichanja, wakavu, hawana hata chembe ya mchanga. Nikatuma pesa kwa simu, ikagoma. Nilipojaribu tena ukaja ujumbe kwamba akaunti yangu imefungwa kwa sababu ya miamala isiyo ya kawaida. Nikakimbilia kwa wakala, kijana ambaye ananifahamu tangu anaanza kazi. Akabonyeza, akabonyeza, akanitazama. "Mama, mfumo umekataa."

Nikamwambia, wewe si unanijua? Akajibu, "Nakujua mama, ila mfumo haukujui."

Kila mtu wa ziwani anajua dagaa huvuliwa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazina maana, mitumbwi inapumzika, na sisi wachuuzi simu zetu zinanyamaza. Giza likirudi tunatuma pesa kwa mkupuo, asubuhi moja mara tano, mara sita. Mashine iliona ukimya, kisha ikaona kishindo, ikahukumu kuwa ni wizi. Ilikuwa haina habari na mwezi.

Sasa nisikilize. Oktoba 5, 1960, rada mpya ya Marekani iliyokuwa Thule, Greenland, ilitoa taarifa kwamba makombora ya Wasovieti yanakuja. Yalikuwa hayaji. Ulikuwa ni mwezi unachomoza upande wa Norway, mawimbi ya rada yakaugonga na kurudi. Katika kutafakari, mmoja wa wakubwa wa makao ya ulinzi wa anga akauliza Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, yuko wapi siku hiyo. Akajibiwa yuko New York, kwenye Umoja wa Mataifa. Nani anashambulia nchi huku kiongozi wake amekaa ndani yake? Rada isingeweza kuuliza swali hilo hata ungeipa mwaka mzima.

Yako pia ya Luteni Kanali Stanislav Petrov wa jeshi la Wasovieti, usiku wa Septemba 26, 1983. Setilaiti za Wasovieti zilimwonyesha makombora matano yakitoka Marekani. Ilikuwa wiki tatu tu tangu ndege ya abiria ya Korea Kusini itunguliwe na watu 269 kufa, kila upande umekasirika. Petrov akawaza: anayeanzisha vita vya nyuklia hatumi matano. Akawaambia wakubwa zake kengele ni ya uongo, na baadaye alikiri kwamba hakuwa na uhakika. Kumbe setilaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua juu ya mawingu. Sisi hapa wageni hudanganywa na wadudu wa ziwani, wale wanaopaa kama nguzo ya moshi, mtu akapiga kelele kwamba mtumbwi unaungua. Mvuvi anatazama mara moja tu, anaendelea kushona wavu.

Siku hizi majeshi yanaingiza akili mnemba kwenye kazi hiyohiyo ya kutazama na kuonya, kwa hoja kwamba inasoma taarifa nyingi kwa haraka. Ni kweli. Lakini akili mnemba hujifunza kwa mifano iliyopita, na vita vya nyuklia kati ya mataifa mawili yenye mabomu hayo havijawahi kutokea, namshukuru Mungu. Itajifunza kwa mifano ipi kama si ya mazoezi? Novemba 1979 kanda ya mazoezi iliingia kwenye kompyuta za ulinzi za Marekani, watu wakadhani ni shambulio la kweli.

Novemba 2024, kule Lima, Rais Biden wa Marekani na Rais Xi wa China walikubaliana kwamba uamuzi wa kutumia silaha za nyuklia ubaki mikononi mwa binadamu. Nawapongeza, ingawa hilo ni tamko tu, halina mkaguzi. Na hata binadamu akiwepo, yupo kwa namna gani? Kwangu binadamu alikuwepo, kijana mzuri tu, amekaa kwenye kibanda chake. Hakuwa na kitufe cha kusema hapana. Kombora la kutoka bara moja hadi jingine huchukua kama nusu saa, la kwenye nyambizi iliyojificha karibu huchukua muda mfupi zaidi. Ukitoa dakika za mashine kuchambua, mkubwa anayeamua anabakiwa na dakika za kutia saini. Kinachopaswa kudaiwa ni muda: makombora yasikae tayari kurushwa kila dakika, na simu za dharura kati ya wakubwa ziwe zinapokelewa.

Wanaosema hayatuhusu wamesahau kwamba mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, mwendo wa basi tu kutoka hapa, alisimama pamoja na Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden na viongozi wengine watatu kuyataka mataifa yenye silaha hizo yasimamishe majaribio na utengenezaji wake. Hatukuwa na bomu hata moja wakati ule. Tanzania ilitia saini Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia Septemba 2019. Naomba gazeti lako liwaulize wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa suala la kuuridhia limefikia wapi, na msimamo wetu kuhusu mashine hizi utasemwa na nani huko Umoja wa Mataifa.

Akaunti yangu ilifunguliwa siku ya nne. Mzigo ulikuwa umeshanunuliwa na mtu mwingine. Kijana wa wakala aliniomba radhi, nami sikumlaumu. Mpaka leo hakuna aliyetueleza, si mimi wala yeye, ni nani hasa aliyeifunga.

Mchuuzi wa dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza