Barua ya Wazi kwa Mwenye Dhamana ya Mambo ya Kale: Tarizi za Wazee Wetu Zinakatwa Vipande

Mheshimiwa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakaatuh.

Naandika hadharani kwa sababu barua nilizokuletea kwa njia ya kawaida hazikujibiwa, na kwa sababu nililoliona wiki iliyopita katika duka moja la Mji Mkongwe halinipi tena nafasi ya kunyamaza. Juu ya meza ya duka hilo palikuwa na foronya za mito ya makochi zilizopambwa kwa tarizi ya zari. Nilipozigeuza niliona kuwa zimekatwa kutoka kwenye miguu ya suruali ya marinda, ile waliyokuwa wakivaa mabibi wa Unguja zama za masultani. Mwenye duka, ambaye alinijibu kwa upole, alinieleza kwamba wageni hawanunui suruali ambayo hawatoivaa, bali hununua kitu kinachoingia kwenye begi, na kwamba aliyemuuzia alikuwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali.

Simlaumu muuzaji wala mnunuzi. Nakukumbusha wewe, Mheshimiwa, ahadi yako.

Ulipokutana na sisi akina mama tuliokuja na vitu vyetu, ulishika mkononi kofia ya viua ya zamani, ile inayotariziwa vitundu vidogo kwa mkono, ukaisifu mbele ya watu, kisha ukasema kuwa kabla ya masika litafunguliwa daftari la kuviorodhesha vitu hivi nyumba kwa nyumba, na kitatafutwa chumba kimoja cha kuvihifadhi. Tulikupigia makofi, na tulikuamini. Masika yamekuja na yamekwisha, na daftari hatujaliona. Nilipofuatilia katika ofisi inayohusika, nilijibiwa na kijana mmoja, bila ya yeye kuinua macho, kuwa mambo ya kale ni majengo na milango, na kwamba nguo ni nguo.

Milango yetu inastahiki heshima iliyopewa, na Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 kwa haki yake. Lakini mlango wa msaji huvumilia kusahauliwa kwa miaka mingi, na hariri haivumilii. Zari ya zamani, ambayo nyingi ilitoka Surat huko Bara Hindi, ni utepe mwembamba wa fedha iliyopakwa dhahabu, uliozungushwa juu ya uzi. Katika hewa yenye unyevu kama yetu husawijika. Nguo ikikaa imekunjwa, nyuzi hukatika kwenye mkunjo. Ikipigwa na mwanga, rangi hupauka na haitorudi. Ndiyo maana makumbusho makini hupunguza taa za chumba cha nguo hadi kiasi cha laksi 50 tu, kwa kipimo cha mwanga, na huzilaza nguo au kuziviringisha, wala hazitundikwi kwa misumari. Hayo ni mambo ya chumba kimoja kikavu, rafu chache na mtu mwenye uangalifu.

Wengine wamekwisha kuelewa. Ufaransa imekitunza kitambaa cha Bayeux, chenye urefu wa karibu mita 70, kilichotariziwa kwa nyuzi za sufu katika karne ya 11 na watu ambao hawakuacha majina yao, na tangu mwaka 2007 kimo katika Kumbukumbu za Dunia za UNESCO. Tarizi za Wapalestina ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2021. Nasi tulio Waislamu tunaona kila mwaka Al-Kaaba ikivishwa kiswa cha hariri nyeusi ambacho aya zake zimetariziwa kwa nyuzi za fedha na dhahabu, na hakuna kati yetu anayethubutu kusema kuwa ile ni nguo tu.

Wanunuzi wanaotoka nje wanaijua kazi yao. Huigeuza nguo kwanza na kuitazama nyuma, maana tarizi ya mkono huonekana pale ambapo uzi umefungwa na kurukishwa kutoka ua hadi ua, wakati ya cherehani ina uzi wa pili unaokwenda sawasawa chini yake. Huchagua kilicho bora, hulipa, huondoka nacho. Upo mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni, lakini utatudai nini, na sisi tutadai nini, kwa kitu ambacho hakikuandikwa popote kwamba kilikuwa chetu?

Nimejiuliza sana sababu ya ukimya huu. Huenda tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani hapa Mji Mkongwe, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, macho na fedha zote zimeelekea kwenye kuta. Huenda pia ni kwa kuwa kazi hii nyingi ilifanywa na wanawake, ndani ya nyumba, ikaonekana ni shughuli ya kupitisha alasiri. Nadhani hii ya pili ndiyo nzito zaidi, na inaniuma, kwa sababu marehemu bibi yangu aliishiwa na nuru ya macho juu ya kofia za viua, na kofia hizo ndizo zilizomsomesha mama yangu.

Mimi ni mjane, na nyumba ninayoishi Kiponda inavuja. Majirani wawili waliotangulia mbele ya haki waliniachia amana zao, barakoa ya zari waliyokuwa wakivaa mabibi usoni na kanzu za darizi, nami nimeziviringisha katika kitambaa cha marekani na kuzitilia kafuri na makonyo ya karafuu, kwa kuwa ndicho ninachokimudu. Kafuri hiyo nainunua kwa pencheni yangu. Masika haya kuvu imeingia katika kasha na kuiharibu foronya moja ya hariri, na hakuna fundi niliyeweza kumwendea. Dalali hachoki kunibishia hodi, na kila mara bei yake inapanda. Sijauza. Wenzangu wenye watoto wa kulisha wameuza, na sina la kuwaambia.

Mheshimiwa, chumba tunaweza kukingojea. Sheria tunaweza kuzingojea. Ninachokuomba ni daftari. Tuma mtu mmoja mwenye daftari na kamera, apite mitaa yetu ya Kiponda na Malindi, apande boti aende Wete na Chake Chake kule Pemba, aandike kila kitu, mwenye nacho na aliyekishona kama anajulikana, akipige picha mbele na nyuma. Mtu mmoja tu, Mheshimiwa, na aje kabla ya mvua za vuli. Mlango wangu uko wazi, na kasha nitalifungua mwenyewe.

Wasalaam,
Mkaazi wa Kiponda, Unguja