Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mikutano minne ilifanyika, semina ya sindano za akromegali (ugonjwa wetu wa homoni ya ukuaji kuzidi mwilini) ilifanyika, rambirambi zilitolewa. Mihtasari mnayo. Niingie kwenye suala la mizani.

Kwa pendekezo langu, kamati iliondoa mizani ya kupima mafuta ya mwili mikutanoni. Nimeitwa dikteta. Lakini ni mizani hiyo iliyowashawishi baadhi yenu kuacha oktreotidi na lanreotidi, sindano zetu za kuzuia homoni hiyo, ili kupunguza kitambi.

Sindano hizi huvuja polepole kwa takriban siku 28, kwa hiyo ukiacha leo huoni kitu. Baada ya wiki kadhaa homoni ya ukuaji hupanda, na ini huongeza IGF-1, homoni nyingine inayoamshwa nayo. Homoni ya ukuaji huyeyusha mafuta, hasa ya tumboni, na huzifanya figo kushikilia chumvi na maji. Mizani hupitisha umeme mdogo mwilini. Penye maji mengi umeme hupita kirahisi, nayo husoma "misuli imeongezeka". Mafuta yamepungua kweli. Hiyo "misuli", sehemu kubwa ni maji: pete inavuliwa kwa sabuni, vidole vinakufa ganzi usiku, jasho na kukoroma vimerudi. Sukari nayo huweza kupanda huku kiuno kikipungua, maana homoni hii huipinga insulini. Hata DXA, mashine ya eksirei ya kupima mafuta na misuli, huyahesabu maji hayo pamoja na misuli, kwa hiyo hoja ya kununua mashine kubwa zaidi nimeikataa.

Anayetaka kusitisha apange na daktari wake: IGF-1 ipimwe kabla, kisha tena miezi mitatu baadaye na kuendelea, maabara ileile, kwa kuwa majibu ya maabara mbili hayalinganishiki. Na nyongo msiisahau. Sindano hulegeza kifuko chake, vijiwe vikajijenga. Ukiacha, kifuko huanza kujikamua upya. Maumivu chini ya mbavu za kulia si gesi.

Ada: wanachama 61, waliolipa 22. Waliosaini barua ya kunipinga 9, waliolipa kati yao 2. Siku ya uamuzi wa kuondoa mizani akidi ilitimia kwa mtu mmoja, tena tulimsubiri saa nzima.

Mwakani, tukijaliwa, tutamwalika daktari wa homoni na pengine mtaalamu wa lishe.

Mizani iko stoo kwa mhazini. Anayeitaka aje na stakabadhi ya ada.

Mwenyekiti