Kwa nini hatuendi Irente na kurudi siku hiyohiyo

Sisi tunaandaa safari za kutoka Dar kwenda Irente, ukingo wa milima ya Usambara ulio karibu na mji wa Lushoto, na hakuna wiki inayopita bila kuulizwa: "Jamani, hamna safari ya Lushoto ya kwenda na kurudi? Tutoke Jumamosi alfajiri, usiku tuwe nyumbani." Wengine wanatuambia wazi kwamba kuna watu wanaoifanya kwa bei nafuu kuliko yetu. Tunaelewa. Kulala nje ya nyumba ni gharama, na Jumapili mtu ana ibada, ana kufua, ana watoto wa kuandaa kwa ajili ya shule. Hata hivyo jibu letu limebaki hapana, na mteja anayeambiwa hapana anastahili kuelezwa sababu.

Safari hiyo ya siku moja tuliwahi kuifanya wenyewe, mwaka wetu wa kwanza. Tulitoka Mbezi saa 10 alfajiri na Coaster iliyojaa. Kutoka Dar hadi Lushoto ni zaidi ya kilomita 300, lakini kilomita peke yake hazikupi picha. Kuna foleni ya Kibaha, kuna malori ya Chalinze, na kuna vijiji vingi kati ya Chalinze na Segera ambako lazima ushuke hadi 50 kwa saa, na askari wa tochi wapo. Tukapita Korogwe, tukafika Mombo, kisha tukaanza kupanda kilomita 33 za kona juu ya kona, huku abiria wawili wakitapika. Irente tulifika saa 7 na nusu mchana. Jua lilikuwa la utosi na bonde lote limefunikwa na ukungu wa joto. Watu wakapiga picha, wakala harakaharaka, na saa 9 dereva akaanza kupiga honi kwa sababu hakutaka kushuka kona zile gizani. Alikuwa na haki. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameweka akiba kwa ajili ya siku ile, alituambia tulipofika Dar usiku wa manane: "Wanangu, mimi nimeona lami." Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana ilituuma zaidi. Hatujairudia tena.

Sababu kubwa ni hii: Irente inatazama magharibi. Unasimama ukingoni mwa jabali la Usambara, na chini yako, takriban mita 1,000, kuna tambarare inayokwenda mpaka macho yanachoka. Mchana kweupe tambarare hiyo ni kijivu kitupu. Kuanzia saa 11 jioni jua linalala upande ule, vivuli vinarefuka, na kila kitu kinajitokeza: mistari ya mashamba ya mkonge, paa za bati za kijiji cha Mazinde, barabara ya Moshi na magari madogo kama siafu, reli iliyotoka Tanga na kufika Mombo mwaka 1905. Saa 12 na nusu jua linazama mbele yako. Mwenye safari ya siku moja, saa hizo yuko Korogwe anatafuta chai.

Pale ukingoni tunapenda kuwaonyesha wageni Mazinde na kuwasimulia habari za Semboja. Baba yake, Kimweri ye Nyumbai, aliitawala nchi ya Wasambaa kutoka Vugha, huku juu milimani, hadi alipofariki mwaka 1862. Semboja yeye aliweka makao yake kule chini Mazinde, karibu na njia ya misafara ya biashara, akapata bunduki na nguvu, na nchi ya baba yake ikaingia kwenye vita vya muda mrefu. Ukiisoma habari hiyo umekaa sebuleni, ni majina tu. Ukiwa umesimama pale unaona kwa macho yako umbali kati ya mlima na njia ya biashara, na unaelewa mtu angeweza kuvutwa na nini.

Kwa hiyo ratiba yetu iko hivi. Jumamosi tunatoka mapema na kufika mjini Lushoto mchana, tunakula na kupumzika. Saa 9 tunaanza kutembea. Kutoka mjini hadi ukingoni ni kama kilomita tano au sita, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili kwa asiye na haraka, kupitia Yoghoi, kati ya mashamba ya matuta, migomba na mikaratusi. Si njia ya kutisha, lakini ni ya kupanda, na Lushoto iko juu ya mita 1,300, kwa hiyo aliyezoea Dar atahema kidogo. Njiani kuna shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, wanakouza jibini, jamu na mkate wa rai (nafaka inayofanana na ngano). Nunueni wakati wa kwenda, maana jioni tukirudi tunarudi na gari.

Tunaomba jambo moja, na hapa hatuna mzaha: ukingoni hakuna kurudi nyuma kwa ajili ya selfi. Ukungu ukishuka, mawe yanateleza. Mwongozaji wetu, ambaye ni mwenyeji wa hukohuko, akisema tuondoke, tunaondoka.

Jumapili asubuhi ni ya mji, na wengi wanatuambia ndiyo sehemu waliyoikumbuka zaidi. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, na majengo machache ya wakati wao bado yapo. Lakini kinachovuta ni soko. Karoti, kabichi na hoho unazonunua Ilala au Buguruni, nyingi zinatoka milima hii, na hapa unazikuta zingali na udongo. Kukiwa na msimu utapata pichesi na peasi. Salimia kwa Kisambaa, asubuhi "onga maundo", mchana "onga mshee", na utaona muuzaji anavyobadilika uso. Msibane sana bei, tafadhali. Yule mama ameshuka na mzigo kichwani kutoka kijijini, na bei anayokutajia tayari ni ndogo kuliko ya Dar.

Saa 5 tunashuka, tunasimama Soni kutazama maporomoko yaliyo kando ya barabara, na usiku mnakuwa nyumbani.

Kwa asiyeweza kabisa kulala nje, tunayo safari ya Pugu na Kisarawe, na hiyo kweli ni ya siku moja. Vilima si virefu, lakini msitu ni wa asili, na kuna mapango yaliyochimbwa udongo mweupe ambayo sasa ni makazi ya popo. Tunapita pia karibu na shule ya Pugu, alikofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955. Ni siku nzuri, na watoto wanaiweza.

Kuhusu Lushoto, njooni na sweta, hasa Juni hadi Agosti, maana usiku baridi ni ya kweli. Viatu viwe vya kukanyagia, si raba mpya za kupigia picha. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, hatupangi safari hii kwa sababu ya utelezi na barabara ya Mombo. Na mwenye tatizo la magoti, presha au kichefuchefu cha gari atuambie anapolipia. Viti vya mbele tunaviweka kwa ajili yake, na kutoka mjini hadi ukingoni tunaweza kumpeleka kwa gari ili jua lizame naye akiwepo.