Turbo ikisingiziwa, anayelipa ni mwenye gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye magari ya dizeli, hasa pikapu na magari ya mizigo yanayopanda Lushoto kutoka Mombo. Mimi ni fundi hapa Ngamiani, Tanga. Dizeli nilijifunzia kwenye karakana ya shamba la mkonge, ambako hukupewa spea mpya mpaka uoneshe kwamba ya zamani imekufa kweli. Siku hizi gari likikosa nguvu tu, mwenyewe anaambiwa turbo, ile pampu inayosukuma hewa zaidi (sisi tunaiita upepo) ndani ya injini, imekwisha, atafute hela. Jambo hili linaniumiza.

Hivi karibuni alinijia kijana anayeshusha karoti na kabichi kutoka Lushoto. Pikapu yake ikianza kupanda kuelekea Soni ilipoteza nguvu ghafla na taa ya injini ikawaka. Akizima na kuwasha tena, nguvu zilirudi mpaka mlima unaofuata. Gereji moja ilichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, ikatoa msimbo wa hitilafu P0299, akaambiwa anunue turbo. Akanunua ya mtumba, ikafungwa, na safari iliyofuata gari likamfanyia vilevile. "Fundi, hiyo ilikuwa ada ya wanangu," aliniambia.

Ubovu ulikuwa kwenye mpira mwembamba wa vakyumu, yaani bomba la kufyonza hewa, pale unapovalishwa kwenye solenoidi, valvu ndogo ya umeme. Ulikuwa na ufa ambao injini ikiwa baridi huuoni. Nilipoiacha injini ichemke kisha nikaukunja mpira kidogo kwa vidole, ufa ukafunguka. Nilibadilisha mipira yote ya vakyumu, kwa sababu ukipasuka mmoja kwa uzee, mingine nayo haiko mbali.

P0299 maana yake ni kwamba kompyuta imeagiza upepo kiasi fulani na sensa imeona pungufu. Basi. Haijasema kilichoharibika. Upepo unaweza kupungua kwa sababu hosi ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) imelegea, filta ya hewa imeziba, ekzosi inavuja kabla ya turbo, au valvu ya kurudishia moshi imekwama wazi. Kompyuta ikiona hivyo hupunguza dizeli ili kuilinda injini, ndiyo maana gari linakuwa zito. Kuzima na kuwasha hufuta ulinzi huo kwa muda tu, ubovu unabaki pale pale.

Turbo nyingi za pikapu za leo zina vijibawa ndani, upande wa ekzosi, vinavyofunga ili kuongeza upepo na kufunguka ili kuupunguza. Kwa zile zinazoongozwa na vakyumu, kuna kopo lenye mkono wa chuma unaovisukuma vijibawa hivyo. Mpira ukivuja, ni kama kunywa dafu kwa mrija wenye tundu: unavuta, hakiji kitu. Mkono hauendi, vijibawa vinabaki wazi, upepo hautoshi.

Kulipima hili hakuhitaji mashine ya bei kubwa. Mtu mmoja awashe injini, mwingine aangalie ule mkono. Kwa magari mengi unatakiwa uvutwe injini inapowaka na uachie inapozimwa, bila kukwamakwama. Usipotembea, chomoa mpira, funga pampu ya vakyumu ya mkono kwenye kopo, vuta, kisha subiri. Mshale wa geji ukishuka, mpira wa ndani ya kopo umetoboka. Mshale ukitulia lakini mkono haujasogea au unakwenda kwa kushtuka, hapo kuna masizi yaliyogandisha vijibawa, na hapo ndipo unaweza kuanza kuituhumu turbo yenyewe. Vijibawa vikigandia upande wa kufunga, upepo unazidi, na mashine itasoma P0234.

Hilux na Prado nyingi za injini ya Toyota iitwayo 1KD zina mota ya umeme badala ya kopo, kwa hiyo usihangaike kutafuta mpira wa vakyumu kwenye turbo yake. Pima nyaya, plagi na mwendo wa mota.

Mafundi wenzangu wa Lushoto, nina neno kwenu. Sensa ya upepo husoma pamoja na hewa ya nje. Swichi ikiwa imefunguliwa na injini haijawashwa, hapa Tanga mjini inatakiwa isome karibu kilopaskali 100, kwa sababu tuko usawa wa bahari. Huko kwenu ikisoma karibu 85 ni nzima kabisa. Msiitupe.

Kinachonikera kuliko yote ni skrubu ndogo ya kikomo kwenye turbo. Ile hupangwa kiwandani kwa vipimo maalumu. Kuizungusha kwa spana, au kuufupisha mkono ili gari "lipate nguvu", ni kumtengenezea mwenye gari ubovu mwingine juu ya ule wa kwanza.

Kwenu wenye magari: oili kidogo ndani ya hosi ya turbo si ushahidi kwamba imekufa, na shafti ya turbo kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwa sababu inaelea juu ya oili. Ikicheza kwa kuingia na kutoka, au feni ikigusa ukuta, hapo kubalini. Kabla ya kulipa, mwombeni fundi awaoneshe mkono ukitembea na vakyumu ikishika. Fundi anayejiamini hatakasirika. Na kama turbo imeshabadilishwa, dai ile ya zamani uondoke nayo. Ni mali yako, na ikipimwa huenda ikaonekana nzima, ukairudisha kwenye gari siku turbo ya mtumba itakapokuchosha.

Fundi wa dizeli,
Ngamiani, Tanga