Barua kutoka Maskati: nyumba ya mdogo wangu

Maskati, Oman

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mama mpenzi, shikamoo. Mfikishie Baba shikamoo yake, na Bibi nibusie mkono wake. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, hofu ni juu yenu mlioko Wete.

Ama baada ya salamu, habari ya mdogo wangu kupata kazi ya kusomesha huku imetufurahisha sana. Kaka alinitumia picha za mkataba wake wa kazi, nikakaa na shemeji yake tukausoma wote mpaka mwisho. Ni mkataba mzuri, na skuli inampa posho ya nyumba. Lakini kuna mawili niliyoyasikia yakaninyima usingizi. La kwanza, kuna dalali anataka atumiwe riali 200 ili amshikie fleti. La pili, wazee mmekubaliana kwamba fleti hiyo isipopatikana, basi atakaa kwa jamaa zetu wa Ruwi, hapa hapa Maskati. Naomba mniruhusu niseme langu kabla hamjafanya lolote.

Hizo riali zisitumwe. Riali moja ni kama dola 2.6, kwa hivyo mnaambiwa mtoe zaidi ya dola 500 kwa ajili ya picha za kwenye simu. Sisemi kwamba huyo dalali ni mwizi, simjui. Ninachokijua ni kilichompata mwalimu mwenzangu mmoja, mtoto wa Unguja. Alitumiwa picha namna hiyo hiyo, ukumbi umetandikwa zulia, jikoni friji mpya. Akapeleka pesa. Alipofika akakuta jengo lipo, mlango upo, na ndani wanakaa watu na watoto wao, hawana habari ya mtu yeyote kuhamia. Simu ya dalali ikawa haipokelewi. Msichana wa watu akalala kwa wenzake mpaka alipopata mshahara wa kwanza.

Mama, sisi nyumbani hata chumba cha Chake mtu hakilipii bila ya kukiona kwa macho yake, akamjua mwenyewe, na sheha akaambiwa nani amehamia. Kwa nini Maskati iwe vyengine? Huku anayejulishwa ni baladia, yaani manispaa. Mkataba wa nyumba husajiliwa huko, ukiwa na jina la mwenye nyumba, jina la mpangaji na kodi yake. Ukiwa haukusajiliwa, siku ya kuzozana huna pa kushika. Na kuusajili kunataka kitambulisho cha ukaazi, ambacho yeye atakipata akishafika na kumaliza mambo ya viza. Kwa hivyo akiwa bado yuko Wete, hizo riali 200 hazimnunulii haki yoyote.

Jengine ambalo nataka alisikie mapema ni hili la Kiswahili. Atakutana na watu wengi hapa wanaosema Kiswahili kitamu kabisa, wengine wamezaliwa Unguja au Pemba, wengine wazee wao ndio waliotoka huko. Watampokea vizuri na atajisikia yuko kwao, na ni kweli wengi wao ni watu wema. Lakini akikuta mwenye nyumba anamwambia, "Wewe mtoto wa nyumbani, baina yetu karatasi ya nini," basi na ajue kwamba hapo ndipo pa kuitaka karatasi. Wapo wanaokwepa kusajili ili wasilipe ada. Na katika Suratul Baqara tumeamrishwa tuandikiane tunapokopeshana, hata baina yetu Waislamu, kwa hivyo asione haya kuuliza. Kodi yenyewe mara nyingi hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele, mpangaji anazitia saini zote siku moja. Asitie saini hata moja bila ya kuuona mkataba, maana hundi isiyo na fedha huku si jambo la mchezo.

Sasa nije kwa jamaa zetu wa Ruwi. Mungu awalipe kila la kheri, mimi mwenyewe wamenitendea mema nisiyoweza kuyalipa, na nisingependa neno langu liwafikie vibaya. Lakini mji huu si wa mviringo. Umebanwa baina ya majabali na bahari, umenyooka kwa urefu, na skuli ya mdogo wangu iko Al Khoud. Kutoka Ruwi mpaka hapo ni kama kilomita 40, yaani ni zaidi ya Wete kwenda Chake, na asubuhi barabara kuu ya Sultan Qaboos inajaa magari. Skuli zinaanza mapema, saa moja asubuhi awe ameshafika. Gari hana. Yapo mabasi mekundu ya Mwasalat, mazuri na ya bei nafuu, lakini yanakushusha barabara kubwa, kisha ni miguu yako, na wakati wa joto hapa hupita nyuzi 40. Basi la skuli linachukua walimu, ila linazunguka mitaa ya karibu tu. Kisha usiku ana madaftari ya kusahihisha. Ruwi nyumba ina watoto, ina wageni, na yeye kwa heshima atakaa ukumbini na wageni mpaka usiku mkubwa. Hatosema kuwa amechoka, mnamjua.

Rai yangu ni hii. Akifika aje kwangu Mabela. Tuna chumba kimoja na ukumbi, tutabanana, lakini ni pa kufikia tu mpaka apate kitambulisho. Halafu kuna mwalimu mwenzangu, mtu wa Mkoani, mwanamke mwenye adabu zake, anakaa Al Khoud katika fleti ya vyumba viwili. Aliyekuwa akikaa nae ameolewa, chumba kiko kitupu. Kodi ni riali 180 kwa mwezi, wakigawana ni 90 kila mmoja, na posho ya skuli inatosha na kubaki. Mwenye nyumba amekubali jina la pili liingizwe kwenye mkataba na usajiliwe upya. Hilo la jina ndilo nililolisisitiza, maana kesho huyo dada akihama, mdogo wangu asije akaonekana mgeni katika nyumba anayoilipia.

Mimi na shemeji yake tulikwenda kuiangalia. Jengo lina ghorofa tatu, chini pana duka na dobi, kwa hivyo mpaka saa nne za usiku pana watu na taa. Mlinzi ni mzee wa Kibangladeshi, anakaa hapo hapo mlangoni, na alitusimamisha akatuuliza tunakwenda kwa nani kabla hatujakanyaga ngazi. Shemeji yake alilipenda hilo kuliko yote. Nilifungua mifereji, nikawasha viyoyozi vyote viwili nikangoja mpaka vikapoza, kwa sababu huku nyumba isiyo na kiyoyozi kizima hailaliki mwezi wa Juni. Maji ya tangi la juu nayo huchemka kwa jua, mpaka watu huzima hita na kuoga maji yaliyomo ndani ya hita, ndiyo yaliyopoa. Niliomba bili ya umeme ya mwezi uliopita, isije ikawa anarithi deni la mtu.

Na tulitazama wadi iko wapi. Hili mtu wa kwetu halimjii akilini, maana sisi tumezoea mvua. Wadi ni njia ya maji iliyokauka, karibu mwaka mzima ni mchanga na kokoto, watoto wanacheza mpira ndani yake. Inaponyesha milimani, hata kama hapo ulipo hakuna tone, maji yanashuka kwa kishindo na kubeba magari. Kimbunga cha Gonu cha mwaka 2007 kiliua watu na kuharibu mitaa ya Maskati, na cha Shaheen cha mwaka 2021 kikaua tena, zaidi huko pwani ya Batinah. Kwa hivyo ukionyeshwa nyumba ya chini, nzuri, na kodi yake imeshuka kuliko za jirani, kwanza panda juu utazame ng'ambo ya ukuta. Tulionyeshwa moja hivyo, riali 130, ukuta wa nyuma una alama ya tope usawa wa kiuno changu. Tuliondoka. Hii ya Al Khoud iko juu ya mwinuko na wadi iko mbali nayo.

Hata hivyo asiahidi kitu mpaka aione mwenyewe. Yeye ndiye atakayelala humo.

Mwambieni vyeti vyake avigonge mihuri yote huko huko, wizarani na kwenye ubalozi mdogo wa Oman hapo Unguja, na vyeti vya asili aje navyo mkononi, asivitie kwenye sanduku. Kaka nae ampigie huyo dalali amwambie kwa wema kwamba hatutaki tena. Mimi nitakwenda Ruwi Ijumaa hii kuwaeleza jamaa zetu kwa mdomo wangu, wasije wakasikia kwa watu wakadhani tumewakataa. Mchana wa Ijumaa mdogo wangu atakula kwao kila akipata nafasi, na hilo watalifurahia.

Nangojea jawabu yako na ya Baba, kwa sababu dada wa Mkoani analipa kodi nzima peke yake sasa na amesema atanisubiri mpaka mwisho wa mwezi. Mkiridhia, nijulisheni na siku ya ndege ili shemeji yake aombe ruhusa kazini akampokee uwanjani.

Wasalaam,
Mwanao mkubwa